Maji Yaliyolala

Siku ya Jumanne, tarehe kumi na tatu Mei, mwaka wa 2025, Twaiba alifungua mlango wa zahanati ya watoto hapo Msambweni, akaweka mkoba wake chini, akaenda kwenye tangi la samaki kabla hata ya kushika ufagio. Ilikuwa siku ya tatu tangu akabidhiwe tangi hilo, na ndiyo iliyokuwa siku ya kubadilisha maji.

Lilikuwa tangi la kioo, refu kama kitanda cha mtoto, limewekwa mkabala na benchi la kungojea. Elphas, mtunza bustani wa zahanati, ndiye aliyeliunda, na Twaiba alimsaidia tangu mwanzo. Walitandaza udongo mweusi, wakaufunika kwa kokoto za mtoni, wakapanda mimea mmoja mmoja kwa kibano kirefu, kisha wakangoja wiki nne nzima ndipo wakatia samaki. Twaiba alikuwa ameleta mfuko wa mchanga mweupe wa Diani, akiamini kwamba utapendeza. Elphas aliucheka hadi akakaa chini.

"Mama Swabir, haya si ni matumbawe yaliyosagika? Maji yatajaa chokaa, majani yawe manjano. Unataka kuwapa samaki nyumba ama unataka kuwapaka nyumba rangi?"

Sasa Elphas alikuwa amekwenda kwao Kakamega kumzika mjomba wake, na hangerudi kwa wiki mbili. Daktari Warda, mwenye zahanati, alikuwa amesema wazi: tangi likifa, hatanunua samaki wengine, pale patawekwa televisheni. Twaiba alijitokeza mwenyewe.

"Kuna maandishi ya kufuata, Bi Twaiba," daktari alimwambia kwa upole.

"Nitayasoma, daktari."

Aliyasema hayo kwa sauti tulivu, lakini moyo ulimdunda. Miaka mitatu iliyopita hakuweza kusoma hata jina lake. Aliingia darasa la ngumbaru akiwa na miaka arobaini na sita, akakaa kwenye dawati pamoja na wanawake wenzake wa mtaani, na hii ilikuwa mara ya kwanza kupewa kazi kwa sababu anajua kusoma.

Karatasi ya Elphas ilibandikwa ubavuni mwa tangi: "Kila Jumanne toa ndoo mbili, tia ndoo mbili. Maji ya mfereji yalale siku mbili ndani ya ndoo zilizo wazi."

Twaiba alikuwa amejaza ndoo nne Jumapili, mbili zikiwa za akiba, maana mfereji una siku zake. Lakini alipoziinamia asubuhi hiyo, moyo wake ulikataa. Siku mbili wazi! Mdudu mmoja alikuwa akielea. Mwanawe Swabir alipokuwa na miezi minane alishikwa na tumbo la kuendesha hadi macho yakaingia ndani, na tangu siku ile hakuna aliyekunywa kwake, mwenyeji wala mgeni, maji yasiyotiwa dawa. Itakuwaje viumbe hawa aliowekewa amana wapewe maji ya namna hii?

Akachukua chupa ya dawa ya maji kutoka jikoni. Akasoma maelezo yake polepole, neno kwa neno: kifuniko kimoja kwa ndoo ya lita ishirini, koroga, ngoja nusu saa. Akatia ndoo mbili. Akangoja nusu saa kamili kwa saa ya ukutani. Kisha akatoa ndoo mbili za maji ya tangi, akamimina zile zake, akarudi nyuma kutazama kazi yake kwa furaha.

Mbeyu, karani wa mapokezi, aliingia akivua viatu vilivyolowa mvua.

"Ehe! Leo samaki wote wako juu. Wanakuamkia shikamoo?"

Twaiba alitazama. Samaki wote walikuwa wamepanda juu, vinywa wazi, mashavu yakipiga mbio. Mmoja mwekundu alikuwa amelala ubavu juu ya jani.

Alimpigia Elphas simu. Haikupatikana. Akapiga tena.

"Mwite daktari," Mbeyu alisema.

"Daktari wa watoto atawadunga sindano wapi, Mbeyu? Niache nifikiri."

Wazo la kwanza lililomjia halikuwa zuri: kusema kwamba aliwakuta hivyo. Nani angejua? Akaliona wazo hilo, akaona aibu, akageukia karatasi. Aliisoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Yalale. Siku mbili. Ndoo zilizo wazi. Kwa nini wazi? Kama ni kupoa tu, si yangepoa hata yakifunikwa?

Akainusa ndoo aliyoimimina. Harufu kali ya dawa ikampanda puani. Akainamia ndoo ya akiba, akanusa: hakuna kitu. Na Jumapili, alipochota maji mferejini, ndoo zote nne zilinuka hivihivi!

"Mbeyu! Maji ya mfereji huja yametiwa dawa tayari. Yanalazwa wazi ili dawa itoke. Mimi nimeirudisha!"

Hakungoja jibu. Aliingiza mpira wa maji ndani ya tangi, akavuta maji kwa mdomo, akayaacha yatiririke nje hadi zikajaa ndoo mbili. Kisha wakainua za akiba pamoja, Mbeyu akilalamika kwamba buibui lake limelowa, wakayamimina polepole juu ya kiganja cha Twaiba ili mimea ising'oke. Akafungulia mashine ya kutia hewa tangini hadi mwisho.

Kisha hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Wagonjwa walifika. Twaiba alipiga deki sehemu ileile mara tatu, jicho likiwa kwenye kioo. Baada ya kitambo, samaki mmoja alishuka. Wa pili akamfuata. Ilipoadhiniwa adhuhuri, walikuwa wote chini, wakipishana katikati ya majani, na mtoto mwenye homa alikuwa amebandika pua kwenye kioo akiwacheka. Yule mwekundu peke yake hakuamka.

Twaiba alimzika chini ya mwasumini, akaenda kumweleza Daktari Warda yote, bila kuruka neno.

"Samaki mmoja si tangi, Bi Twaiba," daktari alisema. "Na waliobaki umewaokoa wewe. Endelea nalo."

Twaiba alisema alhamdulillahi, akarudi kazini.

Elphas alipiga simu jioni. Aliposikia, alicheka.

"Mmoja tu? Woi, mama! Mimi mwaka wangu wa kwanza niliua wote."

"Sasa mbona hukuandika sababu, mwanangu? Uliandika yalale, hukuandika kwa nini."

"Hapo umenishinda. Iandike wewe."

Twaiba alichukua kalamu. Hakuwa amewahi kuandika jambo ili mtu mwingine alifuate. Chini ya mwandiko wa Elphas, kwa herufi kubwa zilizonyooka, aliandika: "Maji hulala wazi ili dawa itoke. Yakishalala, usiyatie dawa tena. Ukiwa na shaka, nusa."

Karatasi hiyo ingali pale, na tangi nalo. Nawe uliyesoma hadi hapa, ukimjua mtu anayefuga samaki, mpelekee maneno hayo matatu ya Twaiba. Na ukimwachia mtu maagizo, mwandikie na sababu yake.