Spika Iliyotazama Meza Kuu

Kwaya ya vijana ilipolitaka gita lake la besi, Devota alilirudisha mwenyewe. Alilifuta vumbi, akalitia kwenye mfuko wake, akaliteremsha kutoka Matogoro mpaka parokiani likiwa mgongoni kama mtoto mgonjwa. Hakuna wa kulaumiwa. Gita lilikuwa la kwaya tangu mwanzo, yeye aliliazima tu, ila lilikaa naye sana mpaka watu wakadhani ni lake.

Basi bendi ya Kusini Sauti ikabaki na mpiga besi asiye na besi.

Mzee Kajetani, mwenye bendi, hakulisema jambo hilo kwa ubaya. Alikuwa seremala, mtu wa kupima kabla ya kukata. Aliwakusanya wanabendi karakanani kwake Majengo, wakakaa juu ya mbao, akawaambia kuwa mfuko wa bendi unaweza kununua kitu kimoja tu cha maana kabla msimu haujaanza. Mahindi yakishauzwa watu wanaoa, wanabariki ndoa, wanafanya jubilei, na bendi isiyojiandaa inasikiliza mziki wa wenzake kwa mbali. Kwa hiyo ni gita la besi na amplifaya yake ndogo, au ile spika kubwa ya besi ambayo mji mzima ulikuwa unaizungumzia.

"Spika," alisema Valence, mpiga kinanda, kabla mzee hajamaliza. "Besi naipiga mimi kwa mkono wa kushoto, kinanda hiki kina sauti ya besi humo humo. Devota atatusaidia kuimba."

Alisema kama anayegawa zawadi. Leticia, ambaye ndiye mwimbaji, aliangua kicheko.

"Devota aimbe? Kanisani walimpa gita ili anyamaze!"

Wote wakacheka, na Devota akacheka nao, maana lilikuwa kweli. Lakini ndani alijua maana yake. Spika ikinunuliwa, yeye hana kazi kwenye bendi. Watamwita mara mbili tatu kwa huruma, akabebe nyaya, akapige makofi nyuma ya Leticia, halafu hawatamwita tena. Alikuwa na darasa la saba na shamba la mama yake. Besi ndicho kitu pekee alichokifanya mpaka watu wazima wakageuka kumtazama.

"Twendeni dukani," alisema Kajetani. "Tukavisikilize. Siwezi kununua kwa mdomo wa mtu."

Mwenye duka, Hassani, alikuwa mtu wa Tunduru aliyeizoea Songea kuliko wenyeji. Alipoona kundi lile mlangoni alisimama.

"Tumsifu Yesu Kristo!"

"Milele amina!" wakamjibu, wakicheka.

"Ukiuza vinanda kwa Wakatoliki lazima ujifunze," alisema. "Karibuni. Shikamoo, Mzee Kajetani."

Magita ya besi yalining'inia ukutani. Jekundu jipya linalong'aa Devota hakuligusa hata. Shingo yake ilikuwa imepinda, uliiona hata ukiwa umesimama mlangoni. Jeusi la nyuzi tano Valence alilisifia, ila vidole vya Devota havikuufikia vizuri ule uzi wa tano, naye hakutaka kununua uzi wa kupumzisha dole gumba. Lililobaki lilikuwa la kahawia, limetumika, limekwaruzwa mgongoni na chuma cha mkanda wa mtu. Alilivaa begani akakaa nalo tu, bila kupiga, muda mrefu mpaka Hassani akadhani ameduwaa.

"Dada, si ulipige?"

"Nasikia uzito, kaka. Sherehe za huku ni kutwa nzima."

Akafunga jicho moja akaiangalia shingo kwa urefu, kama Kajetani anavyoangalia ubao. Akabana kila uzi, kila mahali, akisikiliza kama kuna panapolia vibaya. Hassani mwenyewe ndiye aliyechomeka waya na kuwasha amplifaya. Sauti ikatoka nene, ya chini, isiyo na haraka. Devota akaipenda.

Halafu Hassani akaiwasha spika.

Duka lenyewe lilikuwa dogo, sakafu ya vigae, dari ya chini. Valence aligusa kinanda cha dukani kwa kidole kimoja tu cha kushoto na mlango wa chuma ukatetemeka wote. Zuhra, muuza vitenge wa jirani, alitokea mbio na futi kamba shingoni.

"Hassani wewe! Vitenge vyangu vinashuka kwenye rafu!"

"Pole jirani, ni wateja."

"Wateja gani, hawa wanabomoa!"

Kajetani hakuwasikia. Alikuwa ameweka mkono juu ya ile spika kama anayempapasa ng'ombe wa kununua, na uso wake ulikuwa umeshakubali. Devota aliuona. Hassani naye aliuona, lakini aliona pia jinsi yule binti alivyokuwa bado amelivaa lile gita bila kukumbuka kulivua.

"Mzee," alisema Hassani, "Jumamosi si mna jubilei Maposeni? Chukueni vyote viwili mkavijaribu. Niachie pikipiki yako hapa iwe dhamana. Jumatatu niletee kimoja, kimoja mlipie."

Jubilei ilikuwa ya miaka ya utawa ya Sista Lidwina, binti wa pale Maposeni, na ukoo wake wote ulikuwa umekusanyika. Turubai zilifungwa uwanjani. Mbele kulikuwa na meza kuu yenye kitambaa cheupe: Sista mwenyewe, baba paroko, wazazi, wazee wa ukoo. Bendi ilipangwa mbele ya meza hiyo. Jiko lilikuwa nyuma kabisa, ng'ambo ya uwanja, karibu na ukuta mrefu wa ghala la mahindi, na jenereta iliwekwa nyuma ya jiko ili isisumbue wageni.

Wakati wa kupanga vyombo Devota alimfuata Kajetani.

"Baba, hii spika tukiigeuza pembeni kidogo, isambae uwanjani?"

"Tuwape wakubwa kisogo? Spika inatazama meza kuu, mwanangu. Ndiyo heshima."

Hakuna bendi ya upande ule ambayo ingefanya vingine. Wenye heshima hupewa viti vya mbele, hupewa soda kwanza, na mziki hutazamishwa kwao. Kwa zile spika ndogo za zamani haikuwa na neno, maana sauti yake ilikuwa nyembamba na ilipotea hewani kabla haijamuumiza mtu. Hii ilikuwa habari nyingine.

Wimbo wa kwanza tu, chupa za soda kwenye meza kuu zikaanza kutembea. Baba paroko akaishika yake kwa mkono mmoja, akatabasamu, akaishika kwa mikono miwili. Mzee mmoja wa ukoo akatoa kitambaa cha jasho, akachana kona yake taratibu, akajiziba masikio. Sista Lidwina aliketi wima kama mtu anayepigwa picha.

"Mnaona ilivyo?" Valence aliwaambia wenzake, uso unang'aa.

Wakati wa zawadi ukafika. Kwa desturi wanaoanza ni akina shangazi. Hujipanga kule jikoni, ungo na vikapu kichwani, halafu huingia uwanjani kwa kucheza, hatua kwa hatua, bila haraka yoyote, mpaka meza kuu. Hawatembei tu wakaleta. Zawadi isiyochezwa ni kama imetupwa. Aliyewaongoza alikuwa Bibi Eufrasia, mwembamba, mrefu, kikapu cha mayai kichwani hakuna mkono unaokishika.

Mshereheshaji akaita. Bendi ikapiga. Akina shangazi wakainua miguu, na hapo hapo wakakanyagana.

Devota, aliyekaa nyuma ya Leticia na mikono mapajani, aliangalia miguu yao. Ngoma ya Athanasi, mpiga ngoma wa bendi, iliwafikia moja kwa moja. Lakini besi ya Valence ilienda mbele kwanza, na kilichowafikia kule nyuma kilikuwa mwangwi wake uliogonga ukuta wa ghala, umechelewa. Nusu ya akina mama waliifuata ngoma, nusu waliufuata ukuta. Bibi Eufrasia akasimama. Akashusha kikapu chake chini.

"Sisi hatuingii," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye turubai. "Huo mziki ni wa kwao huko mbele."

Mshereheshaji akaita tena, akichekacheka. Hakuna aliyesogea. Kajetani akampungia Valence aongeze sauti, Valence akaongeza, na soda ya mama mzazi wa Sista ikaanguka ikamwagika kwenye kitambaa cheupe.

Devota aliinuka. Mguu mmoja ulitaka kwenda moja kwa moja jikoni, lakini bendi ni ya watu, haipigwi kwa wizi. Akapita nyuma ya ngoma mpaka kwa Kajetani.

"Baba, naomba nikapige kule nyuma. Umeme upo, jenereta iko pale pale."

"Kuna nini kule nyuma zaidi ya masufuria?" Valence aliuliza.

"Kuna wenye zawadi."

Kajetani alimwangalia baba paroko, aliyekuwa bado ameikumbatia chupa yake. Akapitisha kiganja usoni.

"Nenda. Valence, toa mkono wa kushoto."

"Niutoe niupeleke wapi?"

"Utoe!"

Devota akabeba amplifaya kwa mkono mmoja na gita kwa mwingine, akakatisha uwanja mbele ya watu wote. Alimwamkia Bibi Eufrasia, "Shikamoo, bibi," na bibi akaitikia "Marahaba" bila kumtazama. Akachomeka waya. Gita likakoroma kama debe la kokoto. Akauchezesha waya, likanyamaza. Akauachia, likakoroma tena. Tundu la waya lilikuwa limelegea. Akaupitisha waya chini ya mkanda, akaubana kwa nyonga yake na kusimama hivyo hivyo, ameegemea upande mmoja. Likatulia. Sasa hakuweza kusogea hata unyayo.

Hakuangalia bendi. Aliangalia miguu ya Bibi Eufrasia, ambayo ilikuwa imesimama, ila kisigino kimoja hakikuwa kimetulia. Akapiga noti moja nzito, akaacha nafasi, akapiga nyingine. Wimbo ulikuwa ule ule, lakini aliuvuta nyuma mpaka ukalingana na kile kisigino. Ng'ambo ya uwanja Athanasi alikiona kichwa cha Devota kinavyoitikia, akaipunguza ngoma kumfuata. Leticia akaudaka mwendo ule. Valence, kwa hasira, naye akafuata, angefanya nini?

Bibi Eufrasia akainama, akakirudisha kikapu kichwani.

"Haya," aliwaambia wenzake. "Sasa ndiyo."

Wakaingia. Mguu mmoja, kimya, mguu mwingine, mstari mzima kama mtu mmoja, vigelegele vikapanda. Waliondoka mbele ya Devota, wakafika mbali, wakamezwa na watu waliosimama kutazama. Yeye alibaki pale na waya umembana kwenye nyonga, hakuona kikapu kimoja kikipokelewa. Mpishi aliyekuwa akisonga ugali kwenye sufuria kubwa alimpigia kelele:

"We binti, usiache! Mwiko umeshazoea!"

Jioni, wakati wa kukunja nyaya, watu wawili walimjia Kajetani. Wa kwanza alikuwa baba mmoja mwenye koti, aliyetaka bendi kwenye harusi ya mwanawe, "na ile spika ya kutembeza soda, msiiache." Wa pili alikuwa Bibi Eufrasia. Mjukuu wake alikuwa anaolewa. Hakutaja spika. Alionyesha kidole tu: "Mje na huyo wa nyuma."

Kajetani akabaki anajikuna kidevu. Devota alijua kwamba akinyamaza, maneno ya bibi yanaweza kutosha. Akasema hata hivyo.

"Baba, gita lina kasoro. Tundu la waya limelegea. Nimelibana kwa nyonga mchana wote."

"Si mnaona!" Valence alirusha mikono. "Gita bovu!"

"Bovu tundu. Na kosa ni langu. Dukani nilipima shingo na nyuzi, waya nikamwachia Hassani achomeke. Sikuutikisa." Akamgeukia Kajetani. "Lakini spika inakodishwa, baba. Huyu baba mwenye koti akiitaka, tunaikodi kwa Hassani, na mwenye koti ndiye analipia. Besi ya kukodi siku ya sherehe nitaifanyia mazoezi saa ngapi?"

Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema mbele yao kwa mpigo mmoja. Athanasi aliacha kufunga ngoma.

"Spika yenyewe tulikosea kuitazamisha," alisema Kajetani mwishowe. "Nimemuaibisha mama wa Sista kwa heshima zangu." Akaenda kumalizia kukunja nyaya, na hakuna aliyelala akijua alichoamua.

Jumatatu waliishusha spika mbele ya duka la Hassani. Zuhra alipoiona alishika kichwa.

"Tunarudisha, mama, usiogope," Kajetani alimwambia. Akamgeukia Hassani. "Gita nalipia. Ila lina ugonjwa, na unalitibu wewe, bure."

Hassani hakubisha. Alilifungua pale pale mezani, akakaza, akayeyusha risasi ya kuunganishia nyaya, moshi mwembamba ukapanda. Alipotaka kuchomeka waya Devota akamzuia mkono.

"Niachie, kaka."

Akachomeka mwenyewe. Akautikisa waya, akauvuta kando, akautikisa tena. Kimya safi. Akapiga uzi wa chini kabisa na vigae vikaitikia, kidogo tu, vitenge vya jirani vikabaki kwenye rafu.

Valence alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani.

"Na huu mkono wangu wa kushoto sasa nifanye nao nini?"

"Utie mfukoni," alisema Leticia.

Devota alifikiri kidogo. "Upandishe juu, kaka, ujaze katikati pale ambapo huwa panabaki wazi. Huku chini niachie mimi."

"Wimbo wa kuingilia, ule wa akina shangazi?" Valence aliuliza.

"Huo huo. Tuujaribu leo."