Toleo la Juni

Nina majarida ya ngumi elfu tatu na ushee, na hakuna hata moja lenye alama ya kidole. Kila moja limo ndani ya mfuko wake wa nailoni, na nikilishika navaa glavu nyeupe za pamba. Kwa kinyozi Mosby, hapa kaskazini mwa Filadelfia, wananiita Maktaba. Chanzo cha jina hilo ni Cleveland Purnell.

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza ngumi jimu moja na yeye. Siku moja mazoezini alinipiga ngumi ya tumbo, nikatapika soda ya zabibu mbele ya watu, dada yangu akiwemo. Akaniinamia, akasema, "Dogo, wewe kazisome tu ngumi. Kuzipiga tuachie sisi." Jimu nzima ilicheka. Basi nikaenda kuzisoma.

Purnell mwenyewe hakufika mbali. Alikuwa na jambo moja tu la kujivunia: Machi 1974 alimshinda Mmeksiko mmoja hapa mjini, na jarida likamtaja wa kumi duniani, uzito wa kati. Mwezi mmoja, basi. Hakuliona kwa macho yake, maana wakati huo alikuwa ndani kwa kosa la kuendesha gari la watu. Aliambiwa na kocha wake, marehemu Tribbett, aliyemlea tangu utotoni. Kila Jumamosi alilisimulia kwa Mosby, na kila Jumamosi walimjibu kwamba alikuwa wa kumi kwa kula.

Mwishowe Mosby akasema ubishi uishe, Maktaba alete ushahidi. Purnell akanigeukia.

"Kaka, lete Aprili. Lete na Mei kabisa. Hawa nataka wafunge midomo."

Sasa, sisi wakusanyaji tunajua kitu ambacho bondia hakijui. Mwezi ulioandikwa kwenye jalada ni wa uongo. Waliandika mwezi wa mbele ili jarida lisionekane limechacha dukani. Orodha ya mwisho wa Machi ilitoka kwenye toleo la Juni, na toleo la Juni ninalo. Purnell, Filadelfia, nafasi ya kumi. Nililijua hilo miaka thelathini, na sikumwambia mtu.

Nikapeleka Aprili na Mei, kama alivyoomba. Nilimvalisha glavu mwenyewe, maana vifundo vyake vilikuwa vimevimba. Akapitisha kidole wa kwanza hadi wa kumi, akarudia, kisha akaniangalia.

"Hakuna pengine?"

"Ungekuwemo, kaka, ningeshakuona."

Walicheka mpaka Mosby akazima mashine. Nisiwafiche, utamu wake ulinikaa mdomoni wiki nzima.

Purnell hakulisimulia tena. Hilo nililitaka. Ambalo sikulitarajia ni kwamba aliishusha ukutani kwake picha ya Tribbett, akaanza kuwaambia watu kuwa mzee yule alikuwa mwongo, alimdanganya ili aendelee kupigwa.

Mwaka uliofuata sukari ilimpofusha, kisha ikamlaza. Binti yake, Yvette, akanipigia simu kwamba baba hana siku nyingi. Niliona haya, haya ya kweli. Nikalichukua la Juni, nikaenda, nikalitoa kwenye mfuko kando ya kitanda chake, mikono mitupu, nikamsomea orodha yote hadi kwenye jina lake.

Akautafuta mkono wangu, akaupapasa.

"Wewe ni mtu mwema, Maktaba. Lakini usimdanganye mtu anayekufa. Tuliangalia, na watu wote walikuwepo."

"Hili ni la Juni. Jina lako lilikuwa humu siku zote."

"Sawa, kaka. Nimepigwa na wengi. Ngumi ya huruma naijua."

Yvette alikuwa jikoni. Ningemwita asome, naye baba yake angemwamini. Mosby naye ningemleta kwa simu moja. Lakini yeyote kati yao angeniuliza la Juni lilikuwa wapi Jumamosi ile.

Nikalirudisha kwenye mfuko, nikaubana. Yvette akaingia na bakuli la supu, akauliza tulikuwa tunasoma nini. Nikamwambia ni jarida la zamani tu, halina kitu.