Barua Ambayo Haikuja

Mama Faili alikuwa amebakiza wiki tatu kazini, na roho ilimuuma, asikudanganye mtu. Miaka ishirini na sita alitunza mafaili ya wagonjwa wa hospitali ile. Sasa yote yameingizwa kwenye kompyuta, naye mganga mkuu akamwandikia barua ya kupunguzwa kazi. Wakamwachia meza na kiti kinachoyumba, akae apige miayo.

Aliyeona haya ni shemeji yake, fundi wa kompyuta wa hospitali hiyo. Ile mashine kubwa inayotunza mafaili, iliyofungiwa kwenye chumba chenye kipoza hewa, ilikuwa kila alfajiri inamwandikia msimamizi wake barua pepe kumwarifu kwamba imemaliza kunakili mafaili kwenye diski ya akiba. Msimamizi ni fundi mwenyewe, na akaunti hiyo, tusifichane, hakuwahi kuifungua. Basi akaandika mstari mmoja tu wa maagizo: barua za msimamizi ziende kwenye simu ya Mama Faili. Alimtania kwamba sasa atapata cha kusoma. Mama Faili akamshukuru kwa kumtafutia rafiki wa chuma.

Lakini mtu wa masjala ni wa masjala tu. Barua ikifika, huandikwa daftarini: tarehe, saa, neno. Kila siku neno lilikuwa lile lile, "imekamilika".

Alhamisi ya pili mstari ukabaki mtupu. Alingoja hadi saa nne, akaenda kwa fundi, daftari kwapani.

"Barua ya leo haijaja."

Fundi akacheka, akasema kukiwa na shida mashine ingeandika. Mama Faili hakubanduka mlangoni.

"Shemeji, mimi faili lililopotea nililijua kwa pengo kwenye rafu. Nyanyuka ukaangalie."

Akaenda shingo upande, akarudi anatoka jasho. Diski ya akiba ilikuwa imekufa kimya kimya. Wakaweka mpya, wakanakili kutwa nzima. Jumatatu diski kuu, iliyonunuliwa siku moja na ile iliyokufa, nayo ikakata roho. Halikupotea faili la mgonjwa hata mmoja.

Mganga mkuu alipopata habari akaagiza barua zije kwake pia. Akazifungua siku nne, kisha zikamchosha. Siku ya tano alishuka ngazi mwenyewe hadi kwenye kile kiti kinachoyumba, akauliza kwa sauti ya chini leo mashine imesemaje. Mama Faili akamfungulia daftari. Mganga akasoma, akatoa mfukoni nakala ya barua ya kupunguzwa kazi, akaichana na kuviweka vipande mezani.

Mama Faili akashika kalamu. Akaandika vizuri: tarehe, saa, na neno, "imefutwa".