Supu Sitini na Dirisha Moja

Kwa wiki mbili nzima sikutambua kwamba kila dirisha nililolifungua asubuhi, mama mkwe wangu alilifunga nyuma yangu. Ninakiri jambo hili kwa haya, kwa sababu kutambua ndiyo kazi yangu: nafundisha jiografia ya hewa na mvua katika chuo kikuu kimoja cha Guangzhou, na nimewahi kuandika kurasa arobaini juu ya umande. Lakini mtu huweza kuujua umande vitabuni asiuone ukutani mwa nyumba anamolala.

Mimi na mke wangu, Qiaoyun, tulihamia kwa mama yake baada ya Mwaka Mpya wa Kichina. Kabla ya hapo tulikaa chuoni, ghorofa ya kumi na saba, ambako upepo hukausha kila kitu. Nyumba ya Mama iko chini kabisa, katika mtaa wa zamani wa Liwan, sakafu yake ya vigae na kuta zake za matofali mazito ambayo huitunza baridi ya Januari hadi Machi. Nami ni mtu wa Gansu. Kwetu, ukingoni mwa jangwa, dirisha hufunguliwa asubuhi kabla hata ya watu kuamkiana, ili nyumba ipumue. Mazoea hayo nilikuja nayo, na dirisha nililolipenda kuliko yote lilikuwa lile la ukumbini, ubavuni mwa kompyuta.

Kompyuta ilikuwa ya Mama. Ndani yake mlikuwa na kitabu chake. Kwa majira mawili ya baridi alikuwa ameketi mbele yake, miwani puani, akiandika kwa kalamu juu ya kibao maalumu, herufi moja moja, namna ya kupika supu sitini: za kiangazi, za wajawazito, za wenye kikohozi, za watoto wanaojiandaa na mitihani. Mama aliishia darasa la sita. Wazee wenzake wa darasa la upishi la mtaa walikuwa wamekubaliana kukichapisha kitabu hicho na kugawana nakala siku ya kufunga muhula, na duka la uchapaji lilikuwa limempa hadi saa kumi na moja jioni, Jumatano. Baada ya hapo mitambo ilikuwa na kazi nyingine mpaka muhula uishe.

Jumatano hiyo, saa saba mchana, aliniita.

"Mwalimu."

Nikajua kuna jambo. Akiwa na furaha huniita Ah Zhong. Akiudhika au akiogopa, huniita kwa cheo, kama majirani.

"Naam, Mama."

"Imekataa kuamka."

Nilibonyeza kitufe. Feni ikazunguka, taa ndogo ikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi. Kisha ukatoka mlio mrefu, ukanyamaza, ukatoka tena.

"Inalia," alisema Mama. "Inaumwa mahali."

Nilichomoa waya wa skrini nikauchomeka upya. Nikahamisha plagi. Nikashikilia kitufe kwa sekunde kumi nikihesabu kwa sauti, nikaachia, nikabonyeza tena. Mlio ulikuwa ule ule. Nikampigia Qiaoyun, aliyekuwa kazini Foshan.

"Umebadilisha soketi?" aliuliza.

"Nimebadilisha."

"Umeipiga kofi?"

"Qiaoyun!"

"Marehemu Baba alikuwa anaizaba redio kofi moja tu, inatii. Nyie wasomi mikono yenu laini mno. Haya, muite Mjomba Ou wa ghorofa ya pili. Ila usimwambie Mama kwamba kitabu kimepotea."

"Hakijapotea."

"Ndiyo maana nasema usimwambie."

"Nimesikia," alisema Mama, kwa sababu simu ilikuwa kwenye spika.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, lililo baya kuliko lile la kutotambua. Nilitaka kuonekana mtu mwenye kujua chanzo cha mambo. Nikagusa ubavu wa kompyuta, nikaona kidole changu kimelowa. Nikanusa hewa, nikasikia harufu ya supu. Jikoni chungu kilikuwa motoni tangu alfajiri, maharage mekundu na shayiri, supu ambayo Guangzhou nzima huinywa msimu huu ili kutoa unyevu mwilini.

"Mama," nilisema kwa upole wa darasani, "nadhani ni mvuke wa chungu chako."

Aliingia jikoni akazima moto. Katika nyumba ile moto wa supu hauzimwi kabla ya wakati wake. Hata siku ya harusi yetu haukuzimwa. Aliporudi aliketi kwenye kiti cha mianzi, mikono mapajani, akaitazama skrini nyeusi.

"Basi ni mimi mwenyewe nimekiua," alisema.

Nilipanda ngazi mbio.

Mjomba Ou alifanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha redio. Alishuka na ndara zake, amebeba mkebe wa bati wa keki za sikukuu ya mwezi mpevu, uliojaa bisibisi.

"Umebonyeza mara ngapi?" aliniuliza.

"Labda ishirini."

"Ishirini! Mwalimu, ukitaka mashindano nenda uwanjani. Ukishindana na kitu kilicholowa, anayeshinda ni moshi." Akachomoa waya wa umeme kwanza, ndipo akafungua ubavu wa kompyuta.

Ndani bati lilikuwa limetoka jasho. Matone madogo yalijipanga juu yake, sawasawa kabisa, kama yale niliyowachorea wanafunzi wangu ubaoni wiki iliyotangulia.

"Shuyan, nakala nyingine ya kitabu iko wapi?" Mjomba Ou alimuuliza Mama kwa jina lake.

"Kichwani."

"Hicho nacho tukifungue?"

"Utakuta supu tu," alisema Mama, na kwa mara ya kwanza mchana ule mdomo wake ulitaka kucheka.

Mjomba Ou aliiachia mashine ya kukaushia nywele ya Qiaoyun kazi ya kupuliza, kwa mbali na kwa joto dogo, na muda huo wote alitembea nyumbani akipapasa kuta. Ukuta wa ukumbi ulikuwa ukitiririka. Kioo kilikuwa na ukungu. Akaingia jikoni, akapapasa, akarudi.

"Jikoni pakavu," alisema. "Ndipo pekee pakavu nyumba nzima. Moto umepasha kuta. Hii si kazi ya chungu." Kisha akasimama mbele ya dirisha lililokuwa wazi ubavuni mwa kompyuta. Hewa ya vuguvugu kutoka baharini ilikuwa ikiingia taratibu na kugeuka maji kwenye kuta baridi. "Nani amefungua dirisha siku kama ya leo? Mtoto wa chekechea anajua hewa ya kusini ikirudi na unyevu wake unafunga kila kitu!"

"Mimi," alisema Mama haraka. "Uzee. Nimesahau."

Nilimtazama. Ndipo nikakumbuka: kila jioni niliporudi nilikuta madirisha yamefungwa, na kila jioni nilidhani ni kwa ajili ya mbu. Alikuwa akizunguka nyuma yangu kwa wiki mbili, kimya, kwa sababu hakuona namna ya kumfundisha mtaalamu wa hewa jinsi ya kutumia dirisha. Asubuhi ile alikuwa ameenda sokoni mapema, na aliporudi alinikuta bado nyumbani, akaona haya kulifunga mbele yangu.

"Si Mama," nilisema. "Ni mimi. Nimefungua madirisha kila siku. Na chungu nimekisingizia."

Mjomba Ou alinigeukia. "Wewe si ndiye unayefundisha mambo ya umande?"

"Ndiye."

"Na wanafunzi wanafaulu?"

Mama alicheka mpaka akavua miwani. "Muache, muache, Ou! Kwao hakuna maji, maskini. Akiona tone anadhani ni mgeni, anamfungulia mlango!"

Mjomba Ou alikwisha kuchomoa ubao mwembamba wa kumbukumbu, wenye meno ya rangi ya dhahabu upande mmoja. Meno hayo yalikuwa yamefifia.

"Leteni kifutio."

"Cha nini?"

"Cha penseli. Mna mwalimu humu ndani, mtakosa kifutio?"

Nilikitoa mfukoni mwa koti. Alisugua meno yale taratibu, mbele na nyuma, mpaka yakang'aa, akapeperusha vumbi kwa brashi, akarudisha ubao mahali pake hadi ukalia tik. Tukasubiri nusu saa nyingine ili kila kitu kikauke, huku nimefunga madirisha yote kwa mkono wangu. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano alipochomeka waya.

"Bonyeza, Shuyan," alisema. "Mashine yako inakujua."

Mama alibonyeza kwa kidole kimoja. Feni ikazunguka. Mlio ukatoka mara moja tu, mfupi, ukakoma, na skrini ikawaka buluu. Faili likafunguka na supu zote sitini zikaonekana, ya kwanza ikiwa ya maharage mekundu na shayiri.

"Haya, Ah Zhong," alisema Mama, "washa moto wangu."

Nikawasha. Kisha nikanakili kitabu kwenye flashi, nikaivaa shingoni kwa kamba, nikapanda baiskeli ya Mama. Nilifika dukani saa kumi na nusu, na niliporudi Mjomba Ou alikuwa kwenye bakuli lake la tatu.

Kitabu kilitoka siku nane baadaye, nakala mia moja na ishirini. Tangu Jumatano ile mimi ndiye ninayefunga madirisha msimu wa unyevu, na nikikosea, Mama huniambia papo hapo.