Kivuli Kilichotangulia Kuvimba

Ijumaa saa nne asubuhi, sista wa wadi ya watoto mahututi alimimina mkojo wa kitanda cha nne kwenye kikombe cha kupimia, akainama mpaka macho yakawa sawa na mstari. Mililita kumi na mbili tu kwa saa sita. Aliandika, akanawa mikono, kisha akageuka kutazama ukuta. Kivuli cha mtoto kilikuwa kimevimba.

Mtoto mwenyewe hakuwa amevimba. Alikuwa msichana wa miaka minne aliyelazwa kwa maambukizi yaliyoingia kwenye damu, na vifundo vya miguu yake bado vilikuwa vyembamba. Lakini kivulini kope zilikuwa zimefura na miguu imejaa kama mito ya kulalia. Katika wadi hiyo vivuli vilitangulia kwa siku mbili, na hakuna aliyekumbuka hata kimoja kilichowahi kukosea. Mfanya usafi alipofuta ukuta alikipitia polepole, asije akakiumiza. Sista aliogopa, maana alijua ni nini: figo zilikuwa zinaanza kugoma.

"Sista, mwanangu, hicho ni chake?" aliuliza bibi wa mtoto.

"Ni chake, bibi."

"Basi tusikae tu."

Mashine ya kusafisha damu ilikuwa chumba cha pili, hatua kumi na moja, imefunikwa shuka. Funguo alikuwa nazo mtunza stoo, ambaye wadi nzima ilimwita Bwana Sahihi kwa kuwa hakutoa hata pamba bila karatasi. Karatasi ya mashine ilitaka jibu la damu kutoka maabara. Na damu ina mwendo wa kinyonga: figo zikiumia leo, yenyewe hukiri keshokutwa. Keshokutwa ilikuwa Jumapili, na Jumapili maabara hufungwa.

Daktari alikuja, akakibonyeza kivuli kwa kidole. Ukutani pakabaki shimo dogo lililochelewa kujaa. Alisimamisha sindano moja iliyo kali kwa figo, akapunguza maji ya dripu, halafu akamwita Bwana Sahihi.

"Kivuli nakiona hata mimi, Dokta," alisema Bwana Sahihi. "Sikatai. Ila hapa nijaze nini? Mkojo hauna kisanduku. Kivuli hakina kisanduku."

"Jaza kwamba mtoto anakufa."

"Hicho nacho hakina."

Hakuwa mtu mbaya. Alimpa bibi pole kwa mikono miwili, akaondoka na funguo zake.

Jumamosi mtoto alianza kukifuata kivuli, kope kwanza, kisha miguu. Jumapili adhuhuri walilingana. Bibi alikuwa amemshika unyayo, na kila alipobadilisha mkono vidole vyake vilibaki vimechorwa pale. Saa tisa moyo ulipoteza mwendo, na daktari na sista walihangaika nao nusu saa wasiupate. Sista alilia chooni, akarudi kuandika mkojo: sifuri.

Jumatatu saa tatu majibu ya damu iliyotolewa Jumapili asubuhi yalifika, nayo yalikuwa kweli tupu: figo zimegoma. Bwana Sahihi aliisukuma mashine mwenyewe, akaiwasha kando ya kitanda cha nne kilichotandikwa upya, ikafanya kazi kwa muda wa saa nne kama karatasi ilivyoagiza. Kisha akatia sahihi.

Wakubwa walikaa kikao. Kabla wiki haijaisha zililetwa chati mpya zenye safu ya kivuli, kipimwe kwa utepe kila asubuhi. Chini yake iliandikwa kwamba mashine itatolewa majibu ya damu yakishafika.

Ijumaa, mama wa mtoto wa kitanda cha pili alikuja mapema, akasimama kati ya dirisha na mwanawe, akalipa dirisha mgongo. Ukutani kukawa na kivuli chake peke yake. Alisimama hivyo mpaka saa nne, sista alipofika na utepe.

"Mama, sogea kidogo nipime," alisema sista.

"Nikisogea, mtampa mashine?"

Sista alishindwa kumdanganya. "Hapana. Mpaka damu."

"Basi niache hapahapa."

Sista alimwendea kiti. Alipofika nacho aliwaza kwamba mama akikaa tu, mtoto ataonekana ukutani, akakirudisha kiti kilikotoka.