Kilo Tisini na Nane

Kwa miaka ishirini na sita Fundi alitengeneza pikipiki za watu wanaokwenda mbali, na yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka kituo cha mafuta cha njia panda. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa. Wasafiri walimjia na vumbi la nchi nzima kwenye matairi, wakampigia stori za milima na maziwa, naye akiwa amelala chali chini ya injini akiitikia, "Eeh, eeh, hebu nipe spana namba kumi na mbili." Wakishatengenezewa, huyoo, wanaondoka. Yeye anabaki kufagia vumbi lao.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, kilo hamsini na sita na viatu vyake. Marehemu baba yake alimwachia vitu viwili: gereji, na mdogo wake wa kiume wa kumlea. Mdogo huyo alisoma, akapata kazi ofisini, akawa karani wa kuvaa tai. Nani alimsomesha? Tusiulizane maswali ya kitoto.

Miaka mitatu nyuma, huyo Karani alikuja na wazo. Kulikuwa na pikipiki mbili ndefu, zile za kukimbia kwenye lami na kwenye vumbi pia, zimetupwa nyuma ya ghala fulani, panya wamezaa ndani ya tangi. "Dada, wewe uzifufue. Zikiwaka tu, tunaondoka mimi na wewe. Siku kumi na mbili, mpaka kule barabara inapoishia ziwani. Haki ya Mungu naapa." Fundi aliposikia lile ziwa, kwisha habari yake. Siku ya kuandikisha kadi, yeye alikuwa amefungua injini, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, akamwambia mdogo wake aende peke yake. Kadi zote mbili zikatoka kwa jina la Karani. Fundi akaona sawa tu, damu ni damu.

Sasa wiki ya safari ikafika. Fundi alibandika karatasi getini kwa herufi kubwa, NIMESAFIRI, siku tano kabla ya kusafiri, kwa raha tu ya kuiona. Mteja mmoja akagonga: "Mbona umesafiri na nakusikia unaimba humo ndani?" Fundi akamjibu kwamba roho imetangulia, mwili unafuata Jumamosi.

Akafanya kazi, mama huyu! Alimwaga oili ya zamani akatia mpya. Alipima nafasi za valvu, akaosha chujio la hewa kwa petroli, akalikausha, akalipaka mafuta. Kila nati ya nje aliipiga alama ya rangi nyeupe, ili ikianza kulegea njiani ionekane bila kuguswa. Kisha mizigo. Hapo alikuwa na sheria zake: kizito kikae chini karibu na injini, chepesi juu, na mabegi ya pembeni yapimwe kwenye mizani, kulia na kushoto yalingane. Vitu viligawanywa. Karani abebe hema na jiko la gesi. Fundi abebe vifaa, tyubu za akiba, pampu, na mkono wa klachi wa ziada. Mmoja hawezi kulala bila mwenzake, na mwenzake hawezi kuziba pancha bila yeye. Ndiyo maana ya kusafiri wawili.

Ijumaa mchana Karani akaingia, tai shingoni, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Dada, ile springi ya nyuma ya pikipiki ya pili, umeiweka ya uzito gani?"

"Wangu mimi na mabegi. Kwani?"

"Hebu ikaze. Weka ya kilo tisini na nane."

Fundi akacheka. "Unataka nile ng'ombe mzima usiku huu ninenepe? Nina hamsini na sita mimi."

Karani hakucheka. Alikuwa anaitazama sakafu. Fundi akaiangalia ile pikipiki, kisha akamwangalia mdogo wake. Kilo tisini na nane ni mtu. Ni mtu mzima mwenye tumbo lake.

"Nani?"

"Meneja," Karani akasema haraka haraka. "Alisikia habari za safari, akaipenda. Dada, nielewe. Kuna nafasi ya ukuu wa idara. Siku kumi na mbili na mtu kama yule, jioni mko kwenye moto mmoja, unadhani atamsahau nani? Mwakani tutakwenda mimi na wewe."

"Miaka mitatu, wewe. Miaka mitatu nalala na harufu ya petroli!"

"Na pikipiki ziko kwa jina langu, dada. Tusifike huko."

Loo! Aliyasema hayo akiwa amesimama pale pale alipokuwa akisimama utotoni kuomba hela ya daftari. Fundi alitamani kumrushia nyundo. Alitamani pia kuzivunja zote mbili kwa nyundo hiyo hiyo, na angeweza. Badala yake akachukua spana akaikaza springi. Kazi mbovu mkono wake haukuijua, na mjinga ni mjinga lakini huyu mjinga ni wa kwao. Yule mnene akianguka mbele, mdogo wake nyuma ataanguka juu yake.

Karani akaongeza akiwa anatoka, "Halafu kesho asubuhi, usiongee sana. Meneja ana haraka zake."

Jumamosi Meneja akafika, jaketi jipya linanuka duka bado. Hakuwa mtu mbaya. Alimpa Fundi mkono bila kujali grisi, akazunguka pikipiki, akainama, akashika cheni. Ikacheza vidole vitatu.

"Fundi, hii mbona imelegea?"

Karani akadakia, "Ikaze, fundi. Mheshimiwa anataka ikazwe."

Fundi. Siyo dada. Aliita fundi bila hata kupepesa macho.

"Haikazwi," Fundi akasema. "Bosi, panda ukae." Meneja akavaa glavu zake, akapanda, na nyuma ya pikipiki ikashuka chini. "Sasa shika tena." Meneja akanyoosha mkono chini akaigusa cheni: imevutika, imebaki na nafasi ya kidole kimoja. "Pikipiki ndefu hizi, ukikaa inajikaza yenyewe. Ningeikaza ikiwa tupu, shimo la kwanza tu ingekatika, na kama ingekuvunja mguu tu ungeshukuru."

Meneja akashuka, uso umechangamka. "Aisee! Hili ndilo jambo. Umejifunzia wapi kazi hii, mama?"

"Kwa baba yangu, hapa hapa. Na huyu naye alifundishwa hapa, ila alikuwa akishikishwa tochi anasinzia."

"Huyu nani?"

"Huyu mdogo wangu."

Karani akaanza kukaza mkanda wa begi ambao ulikuwa umekazwa tangu jana. Meneja akatabasamu kidogo. "Mdogo wako wa mtaani?"

"Wa tumbo moja, baba mmoja, mama mmoja."

Tabasamu likaondoka. Meneja akageuka kwa karani wake, polepole. "Lakini wewe si uliniambia dada yako alifariki? Mwaka jana, mwezi ule wa ukaguzi. Tulikupa ruhusa ya wiki mbili. Ofisi nzima ilisimama kimya dakika moja. Una dada wangapi?"

"Mmoja," Fundi akasema. "Ni mimi."

Meneja alivua glavu, moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya kiti. Akamwambia Fundi, "Nisamehe, mama. Mimi nilikuombea dua." Akatoka getini kwa miguu, na jaketi lake jipya.

Karani alibaki katikati ya pikipiki mbili zilizopakiwa. Jasho lilikuwa linamtoka. Kisha akasema, nanyi msikie wenyewe alichosema:

"Basi, dada, si nafasi imepatikana? Springi unairudisha dakika kumi. Twende sisi wawili."

Alikuwa hatanii. Tangi zilikuwa zimejaa, anga safi, barabara iko palepale nje ya geti, na mwishoni mwake ziwa. Fundi aliishika ile pikipiki ya pili kwenye usukani.

"Maiti haipakiwi kwenye pikipiki," akasema, akaiachia.

Akaingia chumba cha ndani, akakomea mlango, akakaa chini sakafuni, akajililia msiba wake mwenyewe, ambao ofisi nzima ilikuwa imeshaumaliza.