Skrini ya Meza ya Tano

Saa saba mchana, ofisi ilipotoka kula, mfagizi waliyemwita Mama Ndoo alipita meza hadi meza akizima skrini za kompyuta. Waraka wa bosi ulikuwa umebandikwa mlangoni: skrini isiyotumika izimwe, umeme si maji ya mvua. Makarani hawakuupenda. Kwa miaka mingi skrini inayowaka na koti lililovishwa kiti ndivyo vilivyowafanyia kazi, wenyewe wakiwa kwenye shughuli zao mjini. Watu wazima, vitambulisho shingoni, mizigo mitupu.

Skrini ya meza ya tano hakuizima. Ndani yake alikuwemo Muhuri, karani aliyefariki mwezi wa tatu, akipitia mafaili. Alizikwa Jumamosi, na Jumatatu akaripoti kazini humo ndani, mikono ya shati imekunjwa. Wenzake walinung'unika kwamba anawaharibia, kisha wakamrundikia kazi zao.

Faili la Mama Ndoo la kuomba ajira ya kudumu lilikuwa kwake. Miaka kumi na tisa mama huyu alikuwa kibarua, na makarani walio hai walilipiga danadana faili hilo hadi likachakaa. Muhuri alilishughulikia kwa siku nne.

"Bado saini moja, dada," alisema. "Nipe mpaka saa nane."

Bosi akatokea na kijiti cha meno mdomoni. Ofisini kwake kiyoyozi kilikuwa kikivuma tangu Ijumaa, kikikipoza kiti.

"Hii mbona inawaka?"

"Inatumika, bosi. Muhuri yuko kazini."

Bosi aliinama, wakasalimiana vizuri, akamuuliza habari za huko. Kisha akatoa orodha ya wafanyakazi na kuipitia kwa kidole.

"Humu hayumo. Asiyekuwemo kwenye orodha hatumii kitu. Zima."

"Ni saini moja tu, bosi."

"Mama, wewe ni kibarua. Ukitaka kubishana na waraka, kesho usije."

Akili ya namna hiyo ndiyo iliyokabidhiwa ofisi. Mama Ndoo alikuwa na hasira. Muhuri alikwishainua kalamu. Mama Ndoo akabonyeza kitufe.

Mwezi uliofuata ofisi ilipewa cheti cha kubana matumizi ya umeme, bosi akakitundika chini ya kiyoyozi. Makarani nao waligundua kwamba kipanya kikitikisika, skrini huhesabiwa inatumika. Kila mmoja amefunga chake kwenye feni, na skrini zao zinawaka kutwa nzima mbele ya makoti.

Ya meza ya tano iko giza. Kila saa saba Mama Ndoo huifuta vumbi, na Muhuri hugonga kutoka ndani kwa kitako cha kalamu, mara tatu.

"Subiri, kaka," humwambia. "Bado hatujaandikwa."

Kisha hubeba ndoo yake, akaenda kudeki ofisi ya bosi.